Fundi cherehani na maumivu ya mgongo, shingo na mabega: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimelelewa chini ya meza ya cherehani. Mama yangu alishona sare za shule kwenye kibaraza cha nyumba yetu, na kila jioni, kabla ya kupiga hatua ya kwanza kutoka kitini, alishika kiuno kwa mikono miwili akasimama vile kwa muda, amefumba macho. Sisi watoto tulidhani watu wazima wote huinuka hivyo. Nilipokuja kusomea tiba ya mazoezi nilirudi nyumbani, nikachukua futi yake mwenyewe, nikapima kiti na meza. Kiti kilikuwa kifupi kwa sentimita saba. Miaka yote ile alishona mabega yamepanda karibu na masikio, na hakuna aliyewahi kumwambia.

Maswali yafuatayo ndiyo mafundi wanayoniuliza zaidi, kwenye fremu zao, kwenye daladala, hata msibani.

Mimi silimi wala sibebi gunia, nakaa tu. Mbona misuli inauma kama ya mpagazi?

Chukua chupa ya maji ya lita moja, nyoosha mkono mbele, usiushushe. Haichukui muda bega linaanza kuwaka moto. Chupa haijaongezeka uzito. Msuli uliokazwa bila kuachiwa hubana mishipa midogo ya damu iliyomo ndani yake, ukakosa hewa na chakula.

Sasa, kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5. Ukiinamia sindano, kichwa hakikai tena juu ya shingo, kinaning'inia mbele yake, na misuli ya nyuma ya shingo na ya juu ya mabega ndiyo inayokishikilia. Kadiri unavyoinama ndivyo misuli hiyo inavyovuta zaidi. Mpagazi akifika na gunia lake hulitua. Wewe mzigo wako hujautua tangu asubuhi.

Uti wa mgongo nao una shida yake. Kati ya pingili kuna diski, na diski za mtu mzima karibu hazina mishipa ya damu. Hupata chakula kwa kubanwa na kuachiwa, kama sponji inavyonyonya maji. Usipojongea unaziacha na njaa.

Maradhi haya ni ya zamani kuliko cherehani yenyewe. Mwaka 1700 daktari wa Italia, Bernardino Ramazzini, aliandika juu ya magonjwa yanayoletwa na kazi, na mafundi wa nguo wamo: walikaa wamekunja miguu kutwa, wakapata ganzi na maumivu ya nyonga, wakatembea wamepinda. Hata ule msuli mrefu kuliko yote mwilini, unaotoka nyongani ukakatiza paja hadi upande wa ndani wa goti, jina lake la kitabibu ni sartoriasi, na limetokana na neno la Kilatini la fundi wa nguo.

Mkao sahihi ni upi hasa?

Hakuna mkao mmoja ambao ukiushika kutwa hautakuumiza. Nalisema hili mapema kwa sababu mafundi wengi wameambiwa "kaa wima", wakajikaza kama askari wa gwaride, jioni wakaumwa zaidi. Kujikaza nako ni kazi ya misuli.

Ila ipo mikao inayogharimu kidogo na ipo inayogharimu sana. Inayogharimu kidogo ni hii: makalio yameingia hadi mwisho wa kiti, kiuno kimeegemea kitu, nyayo zote mbili zimetua kwenye pedali au chini, viwiko viko karibu na mbavu, mabega yamelegea. Anzia hapo. Kisha ondoka hapo, uegemee, usogee, uinuke, urudi. Mwili unataka kubadilishiwa.

Nipimeje kiti na meza yangu?

Kaa mbele ya cherehani yako, achia mikono iteremke ubavuni, vuta pumzi, ishushe. Mabega yakishalegea, kunja viwiko mpaka mikono ielekee mbele. Mwambie mwenzako apime urefu kutoka chini hadi kwenye kiwiko chako, kisha kutoka chini hadi juu ya meza. Kwa kazi ya macho na vidole kama kushona, meza inatakiwa iwe juu ya kiwiko kidogo, sentimita 5 hadi 10. Ikiwa juu zaidi ya hapo, mabega yatapanda. Ikiwa chini ya kiwiko, utaikunja shingo kuifuata sindano.

Meza ya cherehani ya miguu haipandi wala haishuki, kwa hiyo kinachobadilika ni kiti. Na kiti ndipo matatizo yalipo. Wengi wetu tunashonea kwenye kiti cha plastiki kile chenye mikono. Kiangalie vizuri: sehemu ya kukalia imeteremka kuelekea nyuma, kwa sababu kimetengenezwa kwa mtu anayepumzika, aliyeegemea. Ukikaa pale na kazi iko mbele, nyonga zinazama na mgongo unalazimika kupinda kama upinde ili mikono ifike. Mikono ya kiti nayo inagonga meza, inakuweka mbali. Mwezi uliopita nilikaa nusu saa na fundi mmoja anayeshonea nje ya duka la vitambaa. Alikuwa amepandisha viti viwili kimoja juu ya kingine ili apate kimo, jambo zuri, lakini bado alikuwa amekalia ncha tu ya kiti, sentimita kumi hivi, uzito wote ukiwa mapajani, mgongo haugusi chochote. Nilimwomba kitenge kibovu. Tulikikunja mara kadhaa, tukakiweka nusu ya nyuma ya kiti ili pale palipoteremka pajae. Cha pili, khanga, tukaiviringisha unene wa mkono, tukaifunga kwenye egemeo mahali kiuno kinapoingia ndani. Halafu tukausogeza mkao mzima mbele, tumbo likabaki na nafasi ya ngumi moja tu na meza. Alishona pindo la gauni lote bila kushika shingo. Hatukutumia hata shilingi.

Ukiweza, tafuta stuli au kiti cha mbao kisicho na mikono, chenye egemeo, na seremala akiongezee au akipunguze miguu kwa kipimo chako wewe. Kiti cha fundi kipimwe kama suruali ya mteja.

Kwa wenye cherehani ya umeme, vuta pedali karibu ili goti likae juu ya kifundo cha mguu au mbele kidogo. Pedali ikiwa mbali, mguu mmoja unanyooka, nyonga moja inainuka, na kiuno kinauma upande mmoja tu. Ukiona maumivu yako ni ya upande mmoja, angalia pedali kwanza.

Nimeshapanga kiti lakini bado najikuta nimeinama. Kwa nini?

Huenda macho ndiyo yanayokuinamisha. Kuanzia miaka 40 hivi, kuona vitu vya karibu huanza kuwa kazi, na fundi anayetunga uzi kwa kubahatisha atausogeza uso karibu na sindano bila kujua. Miwani ya kusomea si anasa. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa wachuma chai wa Assam, India, wenye umri wa miaka 40 na zaidi: tija ya waliopewa miwani ilipanda kwa takriban asilimia 22 zaidi ya wenzao waliosubiri. Hao wanachuma majani. Wewe unafuata mshono wa milimita mbili.

Mwanga ni ndugu yake macho. Geuza cherehani upande unaoingiza mwanga wa dirisha au mlango kutoka ubavuni, usiwe mgongoni ukakutilia kivuli wala usoni ukakuchoma. Kwa vitambaa vyeusi usiku, taa ndogo iliyoelekezwa kwenye sindano inasaidia kuliko balbu kubwa ya dari.

Nina sare sitini za kumaliza kabla shule hazijafunguliwa. Nitapumzika saa ngapi?

Swali hili huulizwa kwa uchungu, nami nalichukulia kwa uzito. Simwambii mtu afunge fremu wiki ya mwisho kabla ya Idi au kabla ya Januari kuanza. Ninachosema ni kwamba misuli haihitaji mapumziko marefu. Inahitaji mafupi na mengi. Sekunde thelathini hadi dakika moja kila baada ya dakika ishirini au thelathini zinatosha damu irudi.

Saa ya kukukumbusha unayo tayari: bobini. Uzi wa bobini ukiisha, usiijaze ukiwa umekaa. Simama, jinyooshe, jaza bobini ukiwa wima, angalia mtu anayepita mbali barabarani ili macho nayo yapumzike, rudi. Fundi niliyemfundisha hili aliniambia ndani ya wiki moja mwili wenyewe ulianza kusimama bobini ikiisha, bila yeye kufikiri.

La pili ni kuchanganya kazi. Wengi hukata nguo zote Jumatatu, wakashona zote Jumanne na Jumatano, wakapiga pasi na kuweka vifungo Alhamisi. Kwa hesabu ya kiwanda ni sawa, kwa misuli ni adhabu, maana kundi lilelile la misuli linapigwa kutwa. Kata kumi, shona kumi, piga pasi ukiwa umesimama. Utapoteza dakika chache za kubadilisha kazi, utazipata saa kumi jioni wakati wenzako wanajinyoosha kwa maumivu.

Mazoezi gani nifanye, na wapi? Fremu yangu ni ndogo.

Yote haya yanafanyika kwenye nafasi ya mtu mmoja kusimama.

Kidevu nyuma: kaa wima, angalia mbele, rudisha kidevu nyuma kama unayekwepa harufu mbaya, bila kuinua wala kuinamisha kichwa. Hesabu hadi tano, achia. Mara kumi. Shingo itavutika kwa nyuma, na hiyo ndiyo sehemu iliyokuwa ikifanya kazi.

Mabawa: vuta viwiko nyuma, mifupa miwili ya mgongoni ikaribiane kama inabana penseli. Hesabu tano, achia. Mara kumi.

Kiuno: simama, weka viganja kiunoni kwa nyuma, pinda taratibu kuelekea nyuma huku unaangalia juu. Mara tano hadi kumi. Umekuwa ukipinda mbele kutwa, huku ni kurudi. Maumivu yakianza kushuka mguuni ukifanya hivi, acha, mwone mtaalamu.

Nyonga: mguu mmoja mbele, mmoja nyuma, shika mlango, sukuma nyonga mbele bila kukunja mgongo. Sekunde ishirini kila upande.

Na kutembea. Sijaona dawa ya mgongo iliyo rahisi na yenye faida kuliko kutembea nusu saa kwa siku. Ukishuka kituo kimoja kabla ya kwako umeshaipata nusu yake.

Nakatia nguo chini, kwenye mkeka. Ni vibaya?

Kukaa chini si dhambi, mababu wamekaa chini na migongo yao. Tatizo ni kuinamia kitambaa cha mita tatu saa mbili mfululizo, magoti yamekunjwa, mkono mmoja umejiegemeza na mwingine unasukuma mkasi. Meza ya kukatia yenye kimo cha kiuno chako ni bora mara nyingi. Ubao juu ya vihunzi viwili unatosha na jioni unausimamisha ukutani. Kama huna nafasi kabisa, piga goti moja na lingine liwe juu, uweke takia chini ya goti, ubadilishe mguu kila kipande. Na noa mkasi! Mkasi butu unaumiza kiganja, kisha kifundo, kisha kiwiko.

Nabeba majora ya vitambaa, na wakati mwingine cherehani yenyewe begani.

Taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini, NIOSH, imeweka kilo 23 kuwa kikomo cha kunyanyua kwa mikono, tena mambo yote yakiwa mazuri: mzigo uko karibu na mwili, kimo cha kiunoni, hakuna kujipinda, una mahali pazuri pa kushika. Mzigo ulioko chini au mbali na mwili, kikomo kinashuka sana. Kwa hiyo jora zito lisikae sakafuni, lipande kimo cha mapaja. Likumbatie kama mtoto, kisha geuka kwa miguu. Kilichowavunja wengi ni kunyanyua na kujipinda kwa pamoja.

Kwa mafundi wa kutembea mitaani na cherehani begani: badilisha bega kila mtaa, weka ngata ya khanga, na ukiitua usiipokee kwa mkono mmoja ukiwa umepinda. Mwenye uwezo wa kuifunga nyuma ya baiskeli asisite.

Vidole vinakufa ganzi usiku, naamka nakung'uta mkono. Ni mgongo huo?

Ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati, inayokuamsha usiku, mara nyingi ni neva inayobanwa kwenye kifundo cha mkono. Mkasi, pasi nzito na kusukuma kitambaa huku kifundo kimepinda vinachangia. Lala kifundo kikiwa kimenyooka. Hospitali wana kifaa cha kukifunga usiku. Usilivumilie kwa miezi, kwa sababu neva ikibanwa muda mrefu msuli wa chini ya kidole gumba hunywea, na fundi asiyeweza kubana sindano amepoteza kazi.

Kuchuliwa, mkanda wa kiuno na vidonge vya maumivu kama diclofenac: kipi kinasaidia?

Kuchuliwa kunalegeza misuli na kunapunguza maumivu kwa saa au siku kadhaa. Kutumie, ila usimruhusu mtu akupande mgongoni wala akuvunje shingo kwa nguvu. Mkanda wa kiuno unaweza kukusaidia siku chache za maumivu makali. Kuuvaa miezi hakutakuponya.

Vidonge ndivyo vinavyonitia hofu. Nimekutana na mafundi wanaomeza diclofenac kila asubuhi kama chai, mwaka mzima, kwa kununua dukani. Dawa za kundi hilo zikitumika muda mrefu huleta vidonda vya tumbo na kutoka damu, huumiza figo na kupandisha presha, na mwenye presha au figo dhaifu yuko hatarini zaidi. Kama huwezi kushona bila kidonge, hiyo tayari ni sababu ya kwenda kupimwa.

Mgongo umeshika. Nilale mpaka uishe?

Hapana. Zamani ndivyo walivyoshauri, sasa tunajua kulala siku nyingi kunachelewesha kupona. Pumzika siku moja au mbili ukizidiwa, huku unainuka na kutembea ndani ya nyumba, kisha rudi kazini kidogokidogo. Maumivu mengi ya kiuno hutulia ndani ya wiki sita hivi. Wala hauko peke yako: kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno.

Picha imeonyesha diski zangu zimesagika. Ndiyo basi, niache kushona?

Usiache. Diski zilizochakaa huonekana kwenye picha za watu wengi wasioumwa popote, na huongezeka kwa umri kama mvi. Picha haikuelezi kwa nini unaumwa leo. Nimeona watu walioacha kujongea kwa kuogopa neno "kusagika", wakadhoofika kwa woga kuliko kwa diski.

Nina mimba ya miezi saba na bado nashona.

Sogeza kiti nyuma kiasi tu cha tumbo kupata nafasi, mikono isilazimike kufikia mbali, weka khanga kiunoni, inuka mara nyingi zaidi ya bobini, na kazi ya kukata mpe mwenzako. Miguu ikivimba ghafla, kichwa kikauma au ukaona maruweruwe, hilo si suala la mkao: nenda kliniki siku hiyohiyo.

Ni wakati gani nisisubiri?

Nenda hospitali mara moja ukiona ganzi sehemu za siri au makalioni, umeshindwa kuzuia au kutoa mkojo au choo, au miguu inalegea. Hapo kila saa ina maana. Nenda pia haraka kama maumivu yamekuja baada ya kuanguka au ajali.

Usikawie kama maumivu hayatulii hata ukilala, unapungua uzito, una homa za jioni na jasho la usiku. Kwetu huku kifua kikuu hushambulia hata uti wa mgongo, na wengi hukidhani "mgongo wa kazi" mpaka pingili imeharibika. Kina dawa, na kikiwahiwa kinapona. Aliyewahi kuugua saratani naye asisubiri.

Nimeajiriwa kiwandani. Mwajiri ana wajibu wowote?

Anao. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2007. Shirika la Kazi Duniani limeyaorodhesha maradhi ya misuli na viungo miongoni mwa magonjwa yatokanayo na kazi. Tanzania Bara uko pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015. Toa taarifa kwa maandishi mapema, ubaki na nakala, na ukienda hospitali mweleze daktari kazi unayofanya ili aiandike kwenye faili. Ombi jepesi la kuanzia ni viti vinavyopanda na kushuka. Kwenye mstari wa mashine zinazofanana hukaa watu wa vimo tofauti, na meza moja haiwezi kuwafaa wote.

Nina wanafunzi watatu wanaojifunza kwangu. Niwaanzishe vipi?

Wapime siku ya kwanza kabla hawajagusa uzi, kama nilivyoeleza hapo juu, na uandike kimo cha kiti cha kila mmoja ukutani kwa chaki. Wakibadilishana cherehani wabadilishe na takia. Msichana mfupi ambaye nyayo hazitui vizuri kwenye pedali mwekee ubao, usimwache ajinyooshe kwa vidole vya miguu miezi sita. Na mwanafunzi akikuambia shingo inamuuma, usimjibu kwamba ndiyo kazi yenyewe. Mama yangu aliambiwa hivyo na aliyemfundisha. Siku hizi anashonea kwenye kiti chenye vipande vinne vya mbao vilivyopigiliwa chini ya miguu, sentimita saba kila kimoja, na jioni akiinuka hashiki kiuno.